Jinsi ya kuidai kampuni ikupe faili lako lote

Watu wakisikia habari za kufuatiliwa mtandaoni wanakimbilia kufuta apu, sawa futa, ila mi naona pa kuanzia ni kuomba kampuni ikupe kila ilichonacho kuhusu wewe. Mwaka 2011 Max Schrems, mwanafunzi wa sheria kutoka Austria, aliwaomba Facebook hivyohivyo wakamletea kurasa zaidi ya 1,200, mpaka vitu alivyokuwa ameshafuta vilikuwemo. Akaenda kulalamika, na kesi zake ndo zikaja kuangusha makubaliano mawili ya kuhamisha data kutoka Ulaya kwenda Marekani, moja 2015 lingine 2020, mahakama ikisema data za watu hazina ulinzi wa kutosha dhidi ya majasusi wa huko.

Sasa unafanyaje. Fungua sera ya faragha ya kampuni, shuka mpaka chini kabisa utakuta imeili ya mambo ya data. Usipige simu, andika, maana unataka tarehe ibaki. Maneno machache tu yanatosha: "Naomba nakala ya taarifa zangu zote mlizonazo, mlizipata wapi, mnazitumia kwa kazi gani, mmempa nani, na mtazitunza mpaka lini." Hapo kwa "mmempa nani" usipaache kabisa, ndo sehemu wanayopenda kuiruka. Kama uko Ulaya taja kifungu cha 15 cha GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data iliyoanza kutumika Mei 25, 2018, ni bure na wana mwezi mmoja wa kujibu, wakitaka kuongeza muda lazima wakuambie kwa nini. Kwingine angalia sheria ya data binafsi ya nchi yako, nyingi zina haki kama hiyo.

Watakuambia bonyeza kitufe cha kupakua data zako. Bonyeza, ila usiishie hapo, kwa sababu mara nyingi unapewa zaidi vile ulivyoweka mwenyewe, picha na meseji, wakati unachotaka kuona ni vile walivyokubashiria: kipato, afya, una mtoto au huna. Waandikie tena uwaulize hivyo wazi. Wakidai picha ya kitambulisho na wewe umeandika kwa imeili ileile ya akaunti, waulize kwa nini hiyo haitoshi, na ukilazimika kutuma funika namba.

Mimi niliomba kwa apu moja ya hali ya hewa. Likaja jedwali, mstari juu ya mstari, tarehe, saa, lokesheni. Nikashuka nikakuta saa nane usiku, hospitali, usiku niliokesha na mgonjwa wangu. Sikuwa nimeandika hata neno moja kwenye ile apu, nilitaka tu kujua kama mvua itanyesha, jamani, na usiku ule wote wanao.

Na usidhani hiyo ni biashara tu. Nyaraka za siri alizotoa Edward Snowden 2013, aliyekuwa akifanya kazi za ujasusi Marekani, zilionyesha NSA, shirika la ujasusi la huko, inakusanya rekodi za simu za Wamarekani, nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na zilikuwa zinatoka kwa kampuni za simu. Kelele za watu zikafanya bunge lao lipitishe sheria 2015 ya kuzuia ukusanyaji ule wa jumla. Kwa hiyo ukishaliona faili, omba wafute wasichohitaji, zima lokesheni kwa kila apu isiyo ya ramani, na meseji zako zihamishie kwa wasiotunza karibu kitu chochote: Signal, apu ya meseji, walipotakiwa na mahakama Marekani 2016 watoe data za mtumiaji, walikuwa na siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa, basi.

Wasipojibu, muda wao ukiisha peleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data, ambatanisha ile imeili ya kwanza yenye tarehe, na nakala mtumie mbunge wako.