Kuanza na Zephyr kwenye Raspberry Pi Pico

Zephyr ni mfumo endeshi wa chanzo huria kwa bodi ndogo ambazo Linux haiwezi kuingia. Mradi wake ulizinduliwa 2016 chini ya Linux Foundation, na leseni yake ni Apache 2.0, kwa hiyo hata bidhaa ya kuuza unaruhusiwa kuijenga juu yake. Mwongozo huu unatumia Raspberry Pi Pico ya kwanza, yenye chipu ya RP2040: RAM kilobaiti 264 na flashi megabaiti 2. Ni bodi nzuri ya kuanzia kwa sababu haidai kifaa cha pekee cha kupakia programu. Waya wa USB unatosha. Hakikisha tu waya huo unapitisha data, maana nyingi ni za kuchaji peke yake.

Kwenye kompyuta yenye Ubuntu 24.04, anza na zana za msingi:

sudo apt install git cmake ninja-build gperf device-tree-compiler wget python3-dev python3-venv xz-utils file make gcc

Kisha andaa mazingira ya Python na uweke west, zana inayosimamia msimbo wote wa Zephyr:

python3 -m venv ~/zephyrproject/.venv
source ~/zephyrproject/.venv/bin/activate
pip install west
west init ~/zephyrproject
cd ~/zephyrproject
west update -n -o=--depth=1
west zephyr-export
west packages pip --install
cd zephyr
west sdk install -t arm-zephyr-eabi

Hatua ya west update ndiyo ndefu kuliko zote. Vile viambatisho viwili, -n na --depth=1, vinaacha historia ya zamani ya msimbo na kupunguza sana mzigo wa kupakua. Intaneti ikikatika katikati, rudia amri ileile. Nayo -t inaleta kompaila (kitafsiri cha msimbo) ya ARM pekee, yaani aina ya chipu ya Pico. Bila hiyo utapakua kompaila za aina nyingi za chipu ambazo hutazihitaji. Ukifungua terminali mpya kesho yake na kuambiwa west haipo, hakuna kilichoharibika: endesha tena ile amri ya source.

Sasa jenga programu ya kuwasha na kuzima taa:

west build -p always -b rpi_pico samples/basic/blinky

Usiidharau -p always. Inafuta mabaki ya ujenzi uliopita, na mabaki hayo ndiyo chanzo cha makosa mengi yasiyoeleweka, hasa ukibadilisha bodi. Ujenzi ukimalizika utaona jedwali la FLASH na RAM zilizotumika. Zoea kulisoma kila mara. Ndilo litakaloonyesha nafasi inapoanza kukuishia.

Shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka USB, kisha kiachie. Diski iitwayo RPI-RP2 itajitokeza. Nakili humo faili build/zephyr/zephyr.uf2. Diski itajitoa yenyewe, nayo ni dalili njema, na taa itaanza kuwaka na kuzimika kila sekunde. Kama una Pico W, kila kitu kitakwenda sawa ila taa haitawaka: kwenye bodi hiyo taa haipo kwenye GP25 (pini ya taa kwenye Pico ya kawaida), imeunganishwa kupitia chipu ya Wi-Fi.

Hapo ndipo penye jambo la kulielewa mapema. Katika Zephyr kazi imegawanywa sehemu tatu. Msimbo wa C unasema programu ifanye nini. Faili prj.conf linachagua vipande vya mfumo vitakavyoingizwa, kwa mfano CONFIG_GPIO=y. Devicetree inaeleza nini kimeunganishwa kwenye pini ipi. Anayekwama mwanzoni mara nyingi anahangaika na C wakati tatizo liko kwenye hizo mbili nyingine.

Jaribu mwenyewe: unganisha LED ya nje, mguu mrefu kwenye GP15 (pini ya 20) kupitia rezista ya ohm 330, mguu mfupi kwenye GND, yaani ardhi (pini ya 18). Ndani ya folda ya blinky tengeneza faili app.overlay, linaloongeza maelezo yako juu ya devicetree ya bodi:

/ {
    taa-nje {
        compatible = "gpio-leds";
        taa: taa_0 {
            gpios = <&gpio0 15 GPIO_ACTIVE_HIGH>;
        };
    };
    aliases {
        led0 = &taa;
    };
};

Jenga na upakie upya. Taa ya nje itawaka bila kugusa hata mstari mmoja wa C, na hili linawafaa wenye Pico W pia.

Ukikosea jina, utapata ujumbe mrefu wenye __device_dts_ord_ na neno undeclared. Huo unamaanisha kuwa devicetree haina kitu unachokitaja. Katika blinky, kwa kawaida ni led0, jina la taa ambalo msimbo wake hulitafuta, kukosekana. Ukiona undefined reference kwa jina la aina hiyohiyo, kifaa kipo kwenye devicetree lakini draiva yake (msimbo wa kukiendesha) haikujengwa: angalia prj.conf, na uhakikishe status ya kifaa ni "okay".

Ili kusoma maandishi ya samples/hello_world utahitaji adapta ya USB kwenda UART (njia ya nyaya ya kutuma na kupokea data) ya volti 3.3, kwa kuwa pini za RP2040 hazikuundwa kwa volti 5. Pini ya 1 (GP0) iende RX (upande wa kupokea) ya adapta, pini ya 2 (GP1) iende TX (upande wa kutuma), na pini ya 3 ni GND. Fungua kwanza picocom, programu ya kusoma maandishi yanayotoka kwenye bodi:

picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Ndipo uwashe bodi, kwa kuwa Hello World huandikwa mara moja tu na ukichelewa hutaiona. Ukikataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout kwa sudo usermod -aG dialout $USER, utoke na kuingia tena. Kimya kabisa? Karibu kila mara ni TX na RX zilizounganishwa kinyume. Herufi za ovyo? Kasi si 115200.

Ukitaka kuona mipangilio yote, kuna west build -t menuconfig. Ila unachobadilisha humo kinahifadhiwa ndani ya folda ya build, na -p always ijayo itakifuta. Ukipata mpangilio unaokufaa, uhamishie prj.conf saa hiyohiyo.