Jinsi ya kuomba cheti cha tabia njema kama uliwahi kushikwa na bangi

Kwanza tumalize porojo moja. Tangu George Wajackoyah agombee urais mwaka 2022 kwa ahadi ya kuhalalisha bangi, nakutana na vijana hapa Nairobi wanaoapa kwamba jambo hilo lilishapita. Halijapita. Kilichobadilika mwaka huo ni adhabu tu. Chini ya sheria ya mihadarati ya 1994, msokoto wa kujivutia ulikuwa na kifungo cha miaka 10. Sasa ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Hiyo ni kama utairidhisha korti kwamba ilikuwa ya matumizi yako mwenyewe. Ya kuuza ni habari nyingine kabisa.

Nafanya kazi saiba, duka la intaneti, na wanaokuja kuomba cheti cha tabia njema, kile cha polisi kinachoonyesha kama una rekodi ya jinai, wengi hawana wasiwasi wowote. Ni dereva au kondakta wa matatu anayetakiwa nacho na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, ni mwalimu anayejisajili TSC, tume ya walimu, ni mtu wa kampuni ya ulinzi. Lakini kila baada ya siku chache huja mmoja anayenong'ona: "Bro, mimi nilishikwagwa kitambo. Itatokea?" Huyo ndiye ninayemwandikia.

Usianze na eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Anza kortini. Nenda kwenye masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi yako, iwe Kibera, Makadara au Milimani, ukiwa na kitambulisho na nambari ya kesi. Nambari ikiwa imepotea, itafute kwenye risiti ya dhamana au ya faini. Kama hizo nazo hazipo, mpe karani jina lako lilivyoandikwa kwenye mashtaka na tarehe uliyofikishwa kortini, kisha uwe na subira. Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi. Kuna ada ya nakala, na risiti yake uitunze.

Ukiipata, soma kifungu kilichoandikwa. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa sababu "kesi iliisha" ina maana nyingi. Kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai maana yake korti ilikuachilia kwa kukosa hatia. Cha 215 kisome vizuri, kwa sababu chini yake korti huachilia au hutia hatiani. Cha 202 ni kwamba mlalamishi hakufika, nawe ukaachiliwa vilevile. Cha 87(a) ni upande wa mashtaka uliondoa kesi. Uko huru, ila wanaweza kukushtaki tena kwa jambo lilelile. Na kama ulisema "ni kweli" asubuhi ile ili ulipe faini urudi nyumbani kabla ya saa nane, basi ulihukumiwa. Faini ya elfu chache si kama tikiti ya kuegesha gari. Ni hukumu ya jinai, na ndiyo inayoweza kukufuata hadi kwenye cheti. Kijana mmoja alibishana nami karibu saa nzima kwamba yeye hajawahi "kufungwa". Ni kweli hakufungwa. Alihukumiwa.

Hayo yakishakuwa wazi, ombi lenyewe ni rahisi. Ingia eCitizen kwa akaunti yako mwenyewe, si ya binamu, kwa sababu majina lazima yafanane na kitambulisho. Chagua huduma za DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kisha cheti cha polisi cha tabia njema. Jaza fomu na ulipe kwa M-Pesa kiasi kilichoandikwa kwenye ankara. Mimi nimezoea kuona 1,050. Chapa ankara nakala mbili, halafu chapa fomu ya alama za vidole, ile C24, mbele na nyuma ya karatasi moja. Ukiichapa kwenye karatasi mbili utarudishwa, na utakuwa umepoteza asubuhi kwa ajili ya shilingi kumi.

Beba karatasi hizo, kitambulisho halisi na nakala yake, uende makao makuu ya DCI barabara ya Kiambu au Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Ile ya GPO, posta kuu ya mjini, hujaa mapema. Wanaofanya kazi ya mjengo, osheni mikono vizuri na mpake mafuta siku mbili tatu kabla, maana saruji hula mistari ya vidole na alama zisiposomeka unarudia. Ukikutana na mtu mlangoni anayekuambia anaweza "kusafisha jina" kwa elfu tano, mpite tu. Rekodi haiko mfukoni mwake.

Cheti kikiwa tayari utakipakua kwenye akaunti ileile. Kikikwama au kikatoka na kesi ambayo korti ilikuondolea, rudi barabara ya Kiambu na ile nakala iliyothibitishwa, pamoja na barua fupi: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya kesi, mahakama, tarehe ya uamuzi, na ombi kwamba rekodi irekebishwe. Waache wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Kama ulihukumiwa, barua haitoshi. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14, na aliyekiri kosa anaweza kupinga uzito au uhalali wa adhabu tu, si hatia yenyewe. Hukumu ikiwa ya karibuni, muone wakili leo, usingoje mwisho wa mwezi. Ikiwa ya zamani, iliyobaki ni njia ndefu: kuomba msamaha wa Rais chini ya ibara ya 133 ya Katiba, kupitia kamati ya ushauri kuhusu msamaha. Ombi huandikwa, nawe unaambatanisha hukumu, uthibitisho kwamba faini ililipwa au kifungo kilikwisha, na barua za watu wanaokujua, kama chifu, mchungaji, imamu au mwajiri wa zamani.

Nakala ya uamuzi isitupwe baada ya hapo. Iweke kwenye bahasha moja na cheti, kwa sababu mwajiri anayefuata atataka kipya, nawe utapanga foleni tena.