Kufunga hita ya maji ya pampu ya joto Mombasa, na kuikinga na chumvi

Nchi za baridi, pampu ya joto huchota joto kidogo lililomo kwenye hewa ya nje na kulipeleka sebuleni. Mombasa hakuna anayetaka joto zaidi sebuleni. Hapa mtambo huohuo, wenye kompresa, feni na gesi ileile, hupasha maji: hunyonya hewa yetu ya nyuzi 22 usiku wa kusi hadi 32 na zaidi mchana wa kaskazi, huondoa joto lake na unyevu wake, kisha hulisukuma joto hilo ndani ya tangi. Kwa mtambo wa aina hii, hali ya hewa kama yetu ni neema. Kinachouua huku pwani ni chumvi, na huingia kwa njia mbili: upepo wa bahari na maji ya kisima. Karibu kila hatua iliyo hapa chini ina sehemu inayoihusu.

Kwanza hesabu

Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 huhitaji wati-saa 1.163. Maji ya tangi la juu ya nyumba huwa nyuzi 27 hivi. Tangi la lita 200 kutoka 27 hadi 55 litahitaji 200 × 28 × 1.163, yaani takriban uniti 6.5 za joto (uniti 1 ni wati-saa 1,000). Hita ya koili ya umeme italipa uniti zote 6.5 na zile zinazopotea. Pampu ya joto kwenye hewa yetu hutoa uniti 3.5 hadi 4 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme, kwa hiyo inalipa kama 1.8.

Mtu anayeoga dakika 5 kwenye bomba la lita 8 kwa dakika hutumia lita 40 za maji ya nyuzi 39. Kati ya hizo, za moto kutoka kwenye tangi ni kama 17 tu, zilizobaki ni za baridi. Watu 6 wakioga asubuhi na jioni, jumla ni lita 204 kwa siku, na mtambo huwa umejaza joto tena kati ya asubuhi na jioni. Lita 200 zinatosha nyumba hiyo kwa raha. Kama mko wawili na mnaoga maji ya moto Julai pekee, usinunue; shawa ya umeme inatosha. Faida iko kwenye nyumba kubwa, nyumba yenye wazee na watoto wachanga, na nyumba za wageni.

Hatua ya 1: Pima maji kabla ya kununua

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayotoboa matangi. Visima vingi vya kisiwani na vya pwani ya kaskazini vimeingiliwa na maji ya bahari. Ulimi unaweza kuzoea maji ya chumvichumvi hata usiyahisi, lakini chuma hakizoei. Tumia kipimo cha mkononi cha TDS, yaani jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini. Pima maji yaliyomo kwenye tangi lako la juu, si ya bomba la jirani, na upime mara kadhaa kwa majuma mawili, kwa sababu nyumba nyingi huchanganya maji ya mfereji, ya kisima na ya boza kulingana na mgao.

Ikiwa chini ya miligramu 600 kwa lita, tangi la chuma lililopakwa enameli na lenye anodi ya magnesiamu (kijiti cha metali kinacholiwa na kutu badala ya tangi) linafaa. Ikipita 600, magnesiamu huliwa haraka mno. Agiza anodi ya alumini. Ikifika maelfu, usipeleke maji hayo kwenye hita kabisa. Weka tangi dogo la juu la maji matamu peke yake kwa ajili ya hita, na ya kisima yabaki ya choo na kuoshea uwa. Usidanganyike kwamba tangi la steli isiyoshika kutu ndilo jibu: kloridi kwenye maji ya moto huichimba vitundu vidogo, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa.

Tukiwa kwenye kununua: chagua mtambo wa kipande kimoja, ambao kompresa iko juu ya tangi. Ule wa vipande viwili huacha mabomba ya shaba na viungo vya gesi nje, na kila kiungo ni mlango wa chumvi na wa kuvuja. Uliza kama mapezi ya koili inayonyonya joto la hewa yamepakwa rangi ya kinga. Alumini tupu ufuoni huwa unga mweupe.

Hatua ya 2: Mahali

Kusi hupiga kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Pepo zote mbili hutoka baharini. Kwa hiyo weka mtambo upande wa magharibi wa nyumba, ukuta uwe ngao. Nyumba ya Tudor au Mikindani haina shida kubwa kama ile iliyo mstari wa kwanza Nyali au Bamburi, lakini kanuni ni ileile.

Usiuweke darini chini ya mabati. Mitambo mingi ina kikomo cha joto la hewa inayovutwa, mara nyingi nyuzi 43, na chini ya mabati saa nane mchana kikomo hicho hupitwa. Kompresa hulemewa na kujizima, na mwenye nyumba hudhani ni mbovu.

Pande za feni acha nafasi ya angalau sentimita 60. Hewa inayotoka ni baridi na kavu. Ikirudi kwenye mdomo wa kuvutia, mtambo unajinyonya wenyewe na ufanisi unashuka. Ukiwa na stoo ya chakula au chumba cha kufulia, elekeza hewa hiyo humo. Ni ubaridi wa bure.

Hatua ya 3: Msingi

Tangi la lita 200 likijaa hufika kilo 300 hivi. Mwaga zege la sentimita 80 kwa 80, unene wa 10, lisawazishwe kwa pima maji. Usilitundike tangi ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe ni laini: drili ya kugonga huzibomoa na plagi za plastiki hulegea. Hata kwa vibano vya mabomba, toboa bila kugonga na utumie nanga za gundi. Boliti ziwe za steli ya daraja la 316. Zile za zinki hazidumu.

Hatua ya 4: Mabomba

Tumia PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelewa) ya daraja la presha PN20, milimita 25. Mashine ya kuchomea iwe nyuzi 260. Pasha sekunde 7, unganisha ndani ya sekunde 4, kisha usiguse kwa dakika 3. Ukizidisha muda wa kupasha, plastiki hujikunja ndani na kuziba nusu ya bomba, na kosa hilo huonekana baadaye kama presha ndogo bafuni.

Kwenye midomo ya tangi weka yunioni zenye kikinga-umeme kati ya viungo vya shaba na chuma cha tangi, la sivyo metali hizo mbili hulana. Upande wa maji baridi, mpangilio ni huu: stopkoki, chujio, valvu ya kuzuia maji kurudi, valvu ya usalama, kisha tangi. Kati ya valvu ya usalama na tangi pasiwe na kitu chochote cha kufunga.

Lita 200 zikipashwa kutoka 27 hadi 60 hutanuka kama lita 2.7. Maji hayo lazima yapate pa kwenda. Kama una pampu ya presha, weka chupa ya utanuzi ya lita 12 hadi 18, ijazwe hewa sawa na presha ya maji baridi. Bila chupa, valvu ya usalama itatiririsha kidogo kila mtambo unapowaka. Hiyo ni kazi yake, si ubovu. Usiizibe kamwe, hata kwa siku moja.

Bomba la maji moto livishe sponji ya milimita 13, na juu yake kifuniko cha kukinga jua, kwani jua letu huila sponji na PPR pia. Bafu la watoto liwe na valvu ya kuchanganya iliyowekwa nyuzi 45. Mwisho kuna bomba la matone: hewa yetu ina unyevu mwingi, kwa hiyo koili hutoa maji mengi. Lipe mteremko na uelekeze kwenye bustani. Yanafaa mimea na kupigia deki, si kunywa.

Hatua ya 5: Umeme

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mtambo wenyewe huvuta ampea 2 hadi 3, lakini ndani ya tangi kuna koili ya akiba ya kupashia maji kwa umeme, ya wati 2,000 hivi, na vyote viwili vikiwaka hufika ampea 11 hivi. Waya uwe wa milimita za mraba 2.5, breka yake ya ampea 16, kinga ya mshtuko ya miliampea 30, na swichi ya kuzimia karibu na mtambo. Ongeza kilinda-volti chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5. Stima ikikatika na kurudi papo hapo, kompresa ikianza huku presha ya gesi bado haijasawazika, hukwama na kuungua.

Hatua ya 6: Kujaza, kuwasha na kupanga

Jaza kwanza. Fungua bomba la moto bafuni na usubiri hadi maji yatoke bila kupiga chafya. Koili ya akiba ikiwashwa kwenye tangi tupu huungua kwa sekunde chache.

Washa, subiri nusu saa, kisha kagua: hewa inayotoka iwe baridi waziwazi kuliko inayoingia, na matone yaanze. Mtambo wa kilowati 1.8 za joto hupandisha lita 200 kwa nyuzi 7 hadi 8 kila saa. Andika joto la mwanzo na la baada ya saa mbili, na hifadhi karatasi hiyo. Itakuwa kipimo chako miaka ijayo.

Kisha badilisha hali ya kazi. Mitambo mingi hutoka kiwandani ikiwa kwenye hali ya otomatiki, inayoiita koili ya akiba kila mara. Chagua pampu pekee. Weka nyuzi 55, na mara moja kwa wiki 60 kwa saa moja: bakteria wa lejionela huzaana kati ya 20 na 45, na maji yetu ya “baridi” yamo ndani ya kipimo hicho mwaka mzima.

Matunzo

Zima umeme, uoshe mapezi kwa maji matamu ya bomba la kawaida, kila mwezi ukiwa karibu na ufuo, kila miezi mitatu ukiwa mbali. Usitumie mashine ya kuoshea magari, hukunja mapezi. Inua kishikio cha valvu ya usalama kila miezi sita na mwaga lita 10 kutoka chini ya tangi kutoa mchanga. Anodi itoe uitazame baada ya miezi sita ya kwanza, ujue kasi ya maji yako. Waya wa katikati ukionekana, ibadilishe siku hiyo.

Kikiharibika

Barafu kwenye koili: Mombasa si hali ya hewa kamwe. Ni gesi iliyopungua, koili iliyoziba au feni iliyokufa. Anza na uchafu na feni, kisha ndipo umwite fundi wa gesi.

Maji yananuka mayai viza: bakteria wanashirikiana na anodi ya magnesiamu. Pandisha joto hadi 65 kama mtambo unaweza, kisha weka anodi ya alumini yenye zinki.

Bili imepanda ghafla lakini maji yana moto: pima ampea. Zikiwa 8 au zaidi, koili ya akiba inafanya kazi, pengine peke yake huku kompresa imelala.

Nyuzi kwa saa zimeshuka chini ya 5: linganisha na karatasi yako ya mwanzo, osha mapezi, kisha upime tena kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua mfumo wa gesi.