SOMO: Kufunga na kutunza kebo za mashine ya CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta)

Swali la "mota inaruka hatua ikifika mwisho wa reli, ninunue draiva mpya?" limeulizwa hapa hadi nimechoka kulijibu. Mara nyingi draiva (kifaa kinachoipelekea mota umeme wake) ni nzima. Kilichokatika ni waya ndani ya kebo, na nje huoni kitu. Naweka somo zima mahali pamoja, lisomwe kabla ya kuuliza.

1. Zima umeme na uchomoe plagi. Inveta (kifaa kinachodhibiti kasi) ya spindeli (mota inayozungusha kisu) hubaki na chaji kwenye kapasita zake hata ikiwa imezimwa, kwa hiyo subiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo yake, kisha pima kwa mita ndipo uguse temino.

2. Chora njia ya kila kebo kwenye karatasi.

3. Chagua kebo. Ile ya kufungia taa za nyumba haifai popote panapotembea. Tafuta yenye nyuzi nyembamba nyingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya kujipinda muda wote, na ganda la PUR (plastiki inayostahimili mafuta) kama mashine inatumia mafuta ya kukatia. Kwa mota za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo) za kawaida, nyaya 4 za 0.75 mm². Kwa spindeli ya 2.2 kW ya volti 220, nyaya 4 za 1.5 mm², yaani fezi tatu na ethi, zikiwa zimezungukwa na wavu wa shaba (shildi). Kwa swichi za limiti (zinazoisimamisha mashine ikifika mwisho wa reli), 0.25 mm² inatosha, nayo iwe na shildi.

4. Laza kebo kwenye cheni, yaani mkondo wa pingili za plastiki unaobeba kebo na kujipinda nazo mashine ikitembea. Hatua hii niliikosea, kwa hiyo isome mara mbili. Kila cheni ina nusu kipenyo cha mpindo, huandikwa R38, R55 na kadhalika, kwa milimita. Kebo nayo ina kikomo chake: nyingi za kujipinda zinataka mara 7.5 hadi 10 ya unene wake, soma karatasi ya mtengenezaji. Kebo ya mm 5 kwa mara 7.5 inahitaji mm 37.5, basi R38 inaipokea kwa shida. Kebo ya mm 8 ndani ya R38 ni kuiua. Usiivute kebo kutoka pembeni mwa bunda, maana itaingia ikiwa imejisokota. Zungusha bunda lenyewe, kisha iache kebo ining'inie siku nzima inyooke. Acha nafasi ndani ya cheni, angalau asilimia 10 ya unene wa kila kebo. Kebo nene zikae kingoni, nyembamba katikati, na uzito ulingane pande zote. USIFUNGE tai za plastiki ndani ya cheni: kebo zinatakiwa kuteleza, na ukizifunga pamoja ile ya nje ya mpindo itavutwa na ile ya ndani itakunjamana. Zibane kwa nguvu kwenye ncha mbili za cheni tu. Ukiona kebo imeanza kujiviringa kama springi, ibadilishe, hainyooki tena.

Urefu wa cheni: ukifunga ncha isiyotembea katikati ya safari (umbali wote ambao mashine inatembea), chukua nusu ya safari, ongeza 3.14 mara R, kisha ongeza pingili mbili. Safari ya mm 1200 na R38 inatoka 600 + 119, pamoja na pingili mbili.

5. Tenga kebo ya spindeli na za swichi. Zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe mraba.

6. Ncha za nyaya zivae feruli (vikopo vidogo vya chuma) na zibanwe kwa koleo lake. Usipake risasi ya kulehemu waya unaoingia chini ya skrubu: risasi hulegea polepole ikibanwa, temino inapata moto.

7. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila waya.

Matunzo: kila mwezi futa vumbi la chuma kwenye cheni (linakwangua ganda), kaza temino umeme ukiwa umezimwa, angalia vibanio vya ncha.

MASWALI

Swali: Mkuu, nitumie kebo gani?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Shildi nifunge upande mmoja au pande zote mbili? Kila mtu anasema lake.
Jibu: Swali zuri, na wote wana sehemu ya ukweli. Kebo ya spindeli: pande zote mbili, kwa kibanio cha chuma kinachoizunguka shildi yote, kwa sababu kelele ya inveta ni ya masafa ya juu na inahitaji njia fupi ya kurudi. Ukisokota shildi kuwa mkia mrefu, faida kubwa inapotea. Kebo za swichi: kwa kawaida upande wa kabati la umeme tu, ili mkondo usizunguke kupitia shildi pale ethi za ncha mbili zinapotofautiana.

Swali: Nilichomoa mota ikiwa inafanya kazi, sasa draiva haiwaki. Kebo yako mbovu?
Jibu: Kebo haihusiki. Koili ya mota ikikatiwa mkondo ghafla hutoa volti kubwa, nayo inaua draiva. Zima kwanza, siku zote.

Swali: Nitajuaje waya umekatika ndani ikiwa mashine ikisimama inapima vizuri?
Jibu: Pima ikiwa inatembea. Zima umeme, toa ncha za waya kwenye draiva na mota, unganisha nyaya mbili upande wa mota, weka mita kwenye mlio upande wa pili, kisha sukuma gantri (daraja la mashine linalobeba spindeli) kwa mkono polepole mwanzo hadi mwisho. Mlio ukikatika, hapo ndipo penye ugonjwa. Na swichi za limiti ziunganishwe kwa mguso ambao kwa kawaida umefungika (NC), ili waya ukikatika mashine isimame.

Swali: Limiti inajiwasha yenyewe nikikata mbao tu, aluminiamu haina shida.
Jibu: Angalia bomba la kunyonya vumbi. Vumbi la mbao likipita kwenye plastiki linajaza umeme tuli. Pitisha waya wa shaba usio na ganda ndani ya bomba, ncha moja kwenye ethi ya mashine.