Kufundisha digi: tumia boksi la kumi na nane

Digi ni njia ya mpokeaji wa futiboli ya Marekani: anakwenda mbele moja kwa moja yadi 10 hadi 12, halafu anakata kuingia ndani, sambamba na mstari alioanzia. Mtwara na Lindi hakuna haja ya kutafuta kiwanja chenye michoro ya mchezo huo. Kiwanja cha soka kilichochorwa sawasawa tayari kimepimwa kwa yadi: kutoka mstari wa boksi dogo hadi mstari wa kumi na nane ni yadi 12 kamili, karibu mita 11. Nukta ya penalti iko katikati yake.

Msimamishe mpokeaji usawa wa mstari wa boksi dogo, hatua tano ndefu nje ya kona yake. Kwotabeki, yaani mrushaji, asimame mbele ya goli. Mpokeaji akimbie mpaka mstari wa kumi na nane, akate, kisha aufuate mstari wenyewe kuelekea katikati. Chokaa ndiyo inayosema kama amekwenda sawa; kocha hahitaji kubishana na mtoto. Walio chini ya miaka 12 waanzie yadi 4 mbele zaidi, ili wakimbie yadi 8 tu na bado wakate palepale. Alama ya kukatia iwe kumbi la nazi, si jiwe, maana wengine watakuwa pekupeku.

Siku ya kwanza msitumie mpira. Watoto watanung'unika, waacheni wanung'unike: digi hufa kwenye kona, yaani pale mpokeaji anapokata, si kwenye mikono.

Kona yenyewe iko hivi. Yadi zote za mwanzo mpokeaji akimbie kama anayefuata mpira mrefu, macho mbele, mpaka beki aanze kurudi nyuma kwa kasi. Hatua tatu za mwisho ziwe fupi na za haraka, makalio yashuke, kifua kibaki juu ya magoti. Ya tatu iwe ya mguu wa nje: aliye upande wa kulia anasukuma kwa mguu wa kulia. Mguu huo utue chini ya nyonga. Ukitupwa pembeni, mchanga unaondoka nao na mtoto anakaa chini. Kichwa na mabega vigeuke pamoja, mikono iendelee kupiga mbio.

Kama mnafanyia mazoezi kwenye mchanga, fagieni pale pa kukatia kabla ya kila zamu, kisha someni nyayo. Kona nzuri inaacha unyayo mmoja uliozama, na unaofuata umeshaelekea ndani. Kona mbaya inaacha nyayo tano au sita zilizopinda kama ndizi. Waliozoea kucheza winga ndio wanaopinda zaidi, na beki huipenda njia hiyo kwa sababu anaikatiza bila kubabaika. Kosa la pili ni kuteleza mbele baada ya kona: mtoto anaishia yadi 14 na mpira unampita.

Sasa leteni mpira. Kwotabeki arudi hatua tatu, aruke kidogo kuweka miguu sawa, na mpira utoke mkononi mguu wa nje wa mpokeaji unapogonga chini. Akingoja mpaka aone uso wa mwenzake amechelewa, na mlinzi wa katikati ameshafika. Kwenye vibendera, yaani futiboli ya kuvuta kibendera cha kiunoni badala ya kuangushana, mchezo utakaokuwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, beki anayemkimbilia kwotabeki huanzia yadi 7 kutoka mstari wa kuanzia. Muda upo, ila si wa kuchezea. Mpira ulenge kifuani, mbele kidogo. Miezi ya kusi, akirusha kuukabili upepo, mpira mlegevu hunyanyuka na kuning'inia hewani. Mpokeaji afupishe njia iwe yadi 8 na kwotabeki arushe chini kwa nguvu.

Beki aongezwe pale tu mpokeaji anapopata kona nane katika kumi. Kwanza beki amfuate mtu: mpokeaji asisimame, akate na kuongeza mbio. Baadaye mabeki wawili walinde eneo, mmoja kila upande wa nukta ya penalti: hapo mpokeaji apunguze mwendo kwenye mwanya kati yao, amgeukie kwotabeki, aonyeshe mikono.