Flashi na machweo ya ziwani kwa kamera ya filamu

Picha ya mtu aliyesimama Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu, jua likizama nyuma yake, huharibika kwa njia mbili: uso unatoka mweusi kama kivuli, au uso unang'aa huku ziwa na anga vimemezwa na giza. Flashi huwaka kwa muda mfupi mno, kama 1/1000 ya sekunde au chini yake, kwa hiyo shata, yaani pazia linalofungua na kufunga mwanga kwenye filamu, ikikaa wazi 1/60 au 1/15, kwa flashi ni mamoja. Uso unautawala kwa tundu la lenzi na umbali. Tundu likishawekwa, anga unaitawala kwa shata.

Kamera nyingi za zamani zenye shata ya kitambaa ya mapazia mawili, kama Pentax K1000, hazikubali flashi juu ya 1/60. Tafuta herufi X kwenye gurudumu la kasi, ndiyo alama ya kasi ya flashi. Ukipiga kwa 1/125, pazia la pili linakuwa limeanza kufunga flashi inapowaka, na upande mmoja wa picha unatoka giza tupu. Utagundua filamu ikishasafishwa.

Weka flashi kwenye M, yaani nguvu unayoiweka mwenyewe, na filamu iwe ya ISO 100. Ya ISO 400 ina kasi mno: jua likiwa bado juu, 1/60 itaiunguza anga. Flashi yenye namba ya nguvu 24 kwa mita, ukigawanya kwa mita 3, unapata f/8, ndilo tundu la lenzi la kuweka. Hiyo ni hesabu ya chumbani, ambako kuta na dari hurudisha mwanga. Ufuoni hakuna cha kuurudisha, kwa hiyo ihesabu kama 20 na usogee hadi mita 2.5. Usikisie: lenga macho ya mtu, kisha soma umbali kwenye pete ya lenzi.

Halafu pima anga pembeni mwa jua, kamwe si jua lenyewe. Kipima mwanga cha kamera kikisema 1/60 kwa f/8, piga. Ukitaka rangi nzito zaidi ungehitaji 1/125, ambayo huna, basi ngoja dakika chache. Kisumu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na giza la ikweta halibembelezi. Anga ikififia, f/8 usiiguse. Shuka 1/30, kisha 1/15. Uso utabaki vilevile. Kwa 1/15 egemea kitu, maana kingo za mashua zitavutika hata kama mtu ametulia.

Wengi hushauri kupunguza flashi stopu moja, yaani nusu ya mwanga wake. Mchana, sawa. Machweo, kwa ngozi nyeusi, iache kamili. Filamu ya negativu huvumilia mwanga ukizidi kidogo, ya slaidi haivumilii.

Taa ya flashi ikiwaka kuonyesha iko tayari, mara nyingi haijajaa bado. Ongeza sekunde tano, kumi betri zikichoka, la sivyo picha ya tatu mfululizo itatoka na uso uliofifia ilhali ya kwanza ilikuwa safi.