Kijiti cha uzazi wa mpango: namna ya kukipata zahanati bila kurudishwa nyumbani

Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za serikali Tanzania, uzazi wa mpango ni huduma ya bure, kuwekewa kijiti (njia ya kuzuia mimba inayowekwa chini ya ngozi ya mkono) na kutolewa pia. Kinachowakwamisha wengi ni kauli ya mlangoni: "Rudi ukiwa kwenye siku zako." Kwa anayetoka kijiji cha mbali, hiyo ni nauli ya pili, na wapo wanaopata mimba kabla hawajarudi.

Kauli hiyo haina msingi wa kitabibu. Kijiti huwekwa siku yoyote, mradi mhudumu ajiridhishe kuwa huna mimba. Kwa kazi hiyo yapo maswali sita, na "ndiyo" moja tu inatosha kama huna dalili za mimba:

- Umejifungua ndani ya wiki 4 zilizopita?
- Mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya bila kuchanganyiwa chakula, na hedhi haijarudi?
- Umekaa bila kukutana kimwili na mwanamume tangu hedhi ya mwisho au tangu ujifungue?
- Hedhi yako ilianza ndani ya siku 7 zilizopita?
- Mimba imeharibika ndani ya siku 7 zilizopita?
- Unatumia njia nyingine ya uhakika, bila kuruka hata siku moja?

Andika tarehe hedhi yako ya mwisho ilipoanza, uende nayo. Ukiambiwa urudi, jibu kwa upole: "Dada, naomba uniulize yale maswali ya kuhakiki mimba." Majibu yote yakiwa "hapana", omba kipimo cha mkojo. Kipimo hakioni mimba changa sana, kwa hiyo unaweza kupewa kondomu na tarehe ya kurudi. Hapo kurudishwa kuna sababu.

Sahihi ya mume si sharti. Wala idadi ya watoto.

Kabla ya safari, muulize mhudumu wa afya wa kijijini mambo mawili: vijiti vipo, na aliyefunzwa kuviweka yupo zamu siku gani? Vikiwa vimeisha, usiondoke mikono mitupu. Omba sindano ya miezi mitatu ikuvushe, isipokuwa kama unanyonyesha mtoto ambaye hajafikisha wiki 6.

Taja kila dawa unayotumia. Rifampicin ya kifua kikuu, efavirenz miongoni mwa ARV (dawa za VVU), na baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya kijiti. Dolutegravir, ambayo nayo ni ARV, haina tatizo hilo. Kama hutaki kutaja ARV mbele za watu, omba mzungumze faragha. Ukinyamaza, unaweza kushika mimba kijiti kikiwa mkononi.

Kijiti huwekwa chini kidogo ya ngozi, upande wa ndani wa mkono usioutumia sana, juu ya kiwiko. Utachomwa ganzi kwanza. Ukisikia maumivu makali, sema, uongezewe. Implanon ni kijiti kimoja, miaka 3. Jadelle ni viwili, miaka 5. Kabla hujainuka, wewe na mhudumu mkipapase. Kisiposikika, tumia kondomu hadi kithibitishwe kipo. Hakikisha aina na tarehe ya kukitoa vimeandikwa kwenye kadi.

Kama hedhi ilianza zaidi ya siku 7 zilizopita kwa Jadelle, au zaidi ya siku 5 kwa Implanon, tumia kondomu siku 7 za mwanzo. Kidonda kisiguse maji siku 4. Matone ya damu yasiyo na mpangilio, au hedhi kukatika, ni kawaida, hasa mwaka wa kwanza. Yakikukera, rudi, zipo dawa za kuyatuliza. Usaha, homa, kijiti kuchomoza, au maumivu makali chini ya tumbo: nenda siku hiyohiyo.

Kukitoa ni haki yako wakati wowote, hata mwezi wa pili, na huhitaji kujieleza. Ugumu huja kijiti kikiwa kimezama. Mhudumu asipokisikia kwa vidole, asikate kukitafuta, kwani mishipa ya fahamu na ya damu ipo jirani. Omba rufaa ya hospitali ambako kitaonekana kwa altrasaundi, au eksirei kama ni aina inayoonekana kwayo. Kikitoka, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja, kwa hiyo kama hutaki mtoto, wekewa kingine palepale.